Samaki Katika Maji ya Ayeeyo

Mimi nilidhani hakuna kitu duniani kitakachonishangaza tena. Jengo hili la ghorofa tatu hapa Garissa ni langu, nimelijenga kwa biashara ya mbuzi, na darasa la tatu sikulivuka. Wenye digrii wananilipa kodi. Basi binti yangu wa mwisho alipotaka tangi la kioo la kufugia samaki, nikasema, hilo nalo ni jambo? Nikamwita fundi kutoka Nairobi. Akaja na pampu, mipira ya maji, changarawe, sponji na mfuko wa makaa yaliyosagwa. Bomba lilileta maji ya udongo, kama kawaida yetu mto ukijaa, na pampu ikaanza kuyavuta. Nikakaa kitini kuangalia. Yakawa yanatakata polepole na, wallahi rafiki yangu, nikasahau kama niko nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka, na ayeeyo, yaani bibi yangu, ananiambia, "Usipumue karibu. Maji yamelala."

Ulikuwa wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, nami nina miaka saba hivi. Ngamia wetu walikuwa wamechukuliwa, sisi tumekusanywa katika kijiji cha serikali kando ya Mto Tana, seng'enge pande zote, askari langoni. Mtoni tulikwenda asubuhi tu, tukisindikizwa na bunduki. Maji yalikuwa mazito kama chai ya maziwa. Ayeeyo alitwanga mzizi wa kichaka fulani cha porini, akaukoroga ndani ya sufuria, kisha kazi ikawa kungoja. Tope lilishuka kama wingu linalotafuta pa kulala. Kwa jirani kinu kilitwanga mtama, du, du, mpaka macho yangu yakalegea. Maji yakishatakata aliyamimina kwenye bakuli jeupe la bati, halafu kwenye haan, chombo chetu cha kusukwa, alichokifukiza ndani kwa kijinga cha moto. Ndiyo maana maji ya utoto wangu yana ladha ya moshi mpaka leo.

Mwaka ule watoto waliharisha sana, na wengine tuliwazika. Ndugu yangu mchanga naye akashikwa. Ayeeyo akasema mtoto hatakunywa tone ambalo halijalala. Mzizi ulikuwa umebaki kipande kama kidole gumba, na asubuhi hiyo akautwanga wote.

Asubuhi hiyo hiyo mimi nilikuwa nimenasa samaki mtoni kwa kitambaa, mdogo kama jani. Kwenye kopo la tope sikumwona vizuri. Ayeeyo alipoingia ndani kufukiza haan, nikamtia kwenye bakuli jeupe, lenye maji yaliyokwisha kutakata. Akageuka fedha. Sijapata kuona kitu kizuri hivyo, na mimi nimeona Dubai.

Sasa ujue, kwetu wafugaji samaki alikuwa halali kwa kitabu tu. Aliyemla aliitwa mla nyoka. Ayeeyo akatoka na haan inafuka moshi, akatazama bakuli.

"Umemtilia mtoto nyoka kwenye maji," akasema taratibu, akayamwaga yote. Mchanga ukayanywa. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Mchemshie hayo ya tope," jirani akamwambia. "Utakufa kwa ajili ya mzizi?"

Kichaka kilikuwa ng'ambo ya seng'enge, na huko aliyeonekana alipigwa risasi. Ayeeyo akachukua kijiti chake cha kuchimbia, akaenda langoni. Askari alikuwa kijana wa kutoka bara, na Kiswahili cha ayeeyo kilikuwa maneno kumi, tena p kwake ilikuwa b.

"Toto gonjwa. Dawa iko bale. Mimi enda, mimi rudi."

"Mama, huko utapigwa risasi. Hata mimi naweza kuamriwa nikupige."

"Basi biga. Kwanza dawa."

Kijana akacheka bila kutaka. Akaonyesha kivuli cha mlingoti wa bendera. "Kikifika kwenye kiatu changu, uwe umerudi."

Nikakaa chini kukilinda kile kivuli. Kilitambaa kama hakitaki, kisha nikipepesa macho kinaruka. Jua lilivuma masikioni. Kikagusa kiatu. Askari akanitazama, akarudisha mguu nyuma hatua moja. Kikagusa tena, akarudisha tena. Alikuwa ameufikia ukuta wa kibanda chake ayeeyo alipotokea, mikono imechanwa na miiba, mizizi imefungwa kwenye shuka.

Ndugu yangu leo ana bucha na kitambi, habari hii haijui. Ayeeyo yuko mchangani. Vichaka vile vimekatwa, juu yake tumejenga nyumba za mawe, na mimi nimo. Haan zimetundikwa ukutani hotelini kama picha. Samaki tunakula sote. Na yule kijana sikumuuliza hata jina.

"Mzee, tayari," fundi akasema. "Lakini samaki wasiingie leo. Maji yakae kwanza, kama wiki tatu." Akanipa karatasi ya hesabu, akatabasamu. "Haya, anza kukata bei. Nimeambiwa wewe huachi kubishana."

Siku hiyo sikukata hata shilingi. Nikamhesabia mkononi, noti kwa noti, shilingi elfu thelathini na nane, mia sita na hamsini.