Wakubwa Wanatosha

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini, Mkenya, alikuwa ananitilia sukari kwenye chai. Alitia kijiko cha pili, akaniangalia, akauliza, "Inatosha?" Swali la kila siku, rafiki yangu, lakini nilirudisha mkono ghafla hadi chai ikamwagika mezani. Alidhani nimeungua. Sikuwa nimeungua. Nilikuwa nimerudi mtaa wa Umbilo, huku kusini mwa Afrika, mwaka 2015, nina miaka kumi na tatu, nimeshika chupa za maji nyuma ya mlango wa jikoni kwenye ukumbi wa kanisa.

Nikwambie mapema kwamba mimi ni mwoga, na uoga huo nilirithi. Tulikaa ghorofa ya tatu, mama, koko na mimi. Koko ndivyo tunavyomwita nyanya sisi watu wa Bukavu. Mama alisuka nywele saluni siku sita kwa wiki, na koko alilinda nyumba. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, tangu asubuhi, na harufu yake ilishuka ngazi zote hadi mlango wa chini. Katikati ya kuchochea sufuria aliinuka mara kwa mara kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Alijua umefungwa, maana alikuwa ameufunga mwenyewe, lakini aliangalia.

Mwaka ule hata watu wenye roho ngumu waliogopa. Kulikuwa na wiki ambazo wageni walifunga maduka mchana wakiogopa kushambuliwa, na watu wazima wakazungumza kwa sauti ya chini jikoni. Neno lililorudi kila mara lilikuwa moja: batatutosha. Kwenu kutosha ni kutopungua. Kwetu Bukavu, kutosha ni kutoa kitu mahali kilipo. Unatosha viatu mlangoni, unatosha sufuria motoni, na mwenye nyumba anatosha mpangaji. Nilipolisikia neno lile usiku nilijifunika hadi kichwani.

Mahali pekee ambapo sikuogopa ni uwanjani. Kanisa letu lilikuwa na timu ya watoto ya mpira wa magongo, wavulana kwa wasichana, na tulicheza Jumamosi kwenye uwanja wa shule tulioazimwa. Kocha alikuwa mwanafunzi wa chuo kutoka Kenya, mrefu, mwenye filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Uwanjani alitufundisha kwa Kiingereza. Kiswahili chake alikiweka kwa wazazi na kwa sala, na sisi tulikisikiliza kama taarifa ya habari redioni, tukishika tunachoshika. Wakati wa mapumziko tulikula machungwa yaliyokatwa vipande vinne, juisi ikatiririka hadi viwikoni.

Wakubwa tulikuwa wanne: mimi, jirani yangu wa ghorofa ya pili, na mapacha wawili, mmoja wao golikipa. Tulikuwa tumecheza tangu timu inaanza, na kocha alituita wazee, nasi tulivimba vichwa kweli. Tulirudi nyumbani pamoja, magongo tumeyafunga ndani ya kitenge cha koko ili mtu asituone wageni tumebeba fimbo akafikiria mabaya. Barabarani hatukusema Kiswahili. Tukifika kwenye roboti, yaani taa za barabarani, tulisubiri kimya kimya, mabega yakigusana. Wanne tukiwa pamoja, niliweza kupita njia ile. Peke yangu nisingethubutu, na mama asingeniruhusu.

Sasa, muhula ule tulifungwa. Tulifungwa mechi sita mfululizo, moja hata mvua ilijaribu kutuokoa ikashindwa. Ndipo timu ya Overport ikaleta ombi: tuwape wakubwa wetu wanne, wao watupe wadogo saba wenye mbio pamoja na vifaa vya golikipa, vile vya kufunga miguuni; sisi badala yake tulikuwa tunatumia magodoro ya zamani. Overport si mbali kwa mwenye gari. Kwa mama yangu ingekuwa ni mwezini.

Jumamosi hiyo baada ya mazoezi nilikuwa jikoni mwa ukumbi nikiosha chupa. Upande wa pili wa mlango kocha alikaa na mama mchungaji, Mtanzania mpole ambaye hakupenda kushindwa. Nilimsikia vizuri.

"Kocha, hawa wakubwa mwakani wanaondoka tu, wanavuka umri. Tuwaachie sasa, tuanze upya na wadogo. Timu inajengwa kutoka chini."

Birika likaanza kupiga kelele. Nililizima haraka mpaka nikaungua kidole, nikanasa mwisho tu wa jibu la kocha.

"Mimi nimeamua, mama. Wakubwa wanatosha. Hilo ndilo neno langu la mwisho."

Wanatosha. Wakubwa, wanatosha. Nilisikia kama ningemsikia mama: wakubwa, banawatosha. Nilikaa sakafuni kwenye maji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na kwetu nyumba nzima ilikuwa imeumwa.

Niliwaambia wenzangu kwenye roboti, kwa kunong'ona, tukivunja sheria yetu ya barabarani.

"Eish," alisema golikipa. "Kocha mwenyewe? Banatutosha kweli?"

"Nimesikia na masikio yangu."

Jirani yangu akalia. Hakuna aliyesema turudi tukamwulize. Ungewezaje kumwuliza mtu kama anakufukuza? Koko alikuwa na msemo wake: toka mbele ya kutoshwa, yaani ondoka kabla hujaondolewa. Uliwaokoa yeye na mama kule Bukavu, maana waliondoka siku mbili kabla ya majirani ambao hawakuondoka. Nilikua nikiuamini kuliko amri zote kumi. Basi kesho yake kabla ya ibada tukakunja jezi zetu nne vizuri, tukaziweka mlangoni mwa ukumbi pamoja na magongo, tukaenda kukaa kanisani kila mtu na mzazi wake. Sikusikia hata mstari mmoja wa mahubiri.

Jumanne kocha akaja nyumbani. Nilimwona kwa tundu la mlango, filimbi shingoni, jezi yangu mkononi. Nilikimbilia bafuni nikajifungia. Koko, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, alifungua mlango nusu, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kuuliza, mbona watoto wamerudisha jezi?"

"Baba, wewe mwenyewe unajua. Ulisema bakubwa banatosha. Hapana?"

"Ndiyo, mama!" Alisema kwa furaha, namkumbuka, kama mtu aliyeulizwa jambo zuri alilolifanya. "Nilisema. Wakubwa wanatosha."

"Mbele ya batu?"

"Mbele ya mama mchungaji kabisa. Na sitabadilisha."

"Basi, baba. Asante kwa kusema kweli. Uende na Mungu."

"Lakini mama, kama nilisema wanatosha, sasa mbona..."

Mlango ukafungwa. Nilikaa ukingoni mwa beseni la kuogea hadi nyayo zake zilipokwisha kwenye ngazi. Nilimchukia. Nilishangaa mtu anavyoweza kukiri ubaya kwa sauti nzuri namna ile.

Majira yale ya baridi sikutoka nje ila kwenda shule. Timu ya wadogo waliobaki ilicheza Jumamosi chache ikafa. Mapacha walihamia Cape Town, jirani yangu akapata ndege ya kwenda Kanada, kocha akamaliza masomo akarudi kwao. Uwanja sasa umezungushiwa ua mrefu na magari yanaegeshwa humo. Neno kutosha la wenzetu nilijifunza baadaye, kama kila mtu anavyojifunza mjini humu, lakini sikuwahi kurudi nalo hadi kwenye mlango ule wa jikoni, mpaka siku ya kijiko cha sukari. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu alikuwa mimi.

Jumapili nilimweleza koko. Ni mzee sasa, macho hayaoni mbali, lakini bado anachambua sombe mwenyewe. Nilimweleza polepole, mara mbili: kwa Wakenya, kutosha ni kuenea, ni kutohitaji mwingine. Yule baba alisema sisi wanne tunamtosha, hataki wengine.

Mikono yake ikasimama juu ya majani.

"Kumbe alikuwa anabakataa bale bengine," alisema. "Kwa ajili yenu."

"Ndiyo, koko."

"Na mimi sikumupa hata maji ya kunywa."

Akajifuta mikono, akainuka kwa kujishikilia mezani, akaenda kuangalia kama mlango umefungwa.