Kliniki ya Kukunja ya Mama Sukutua

Kwa miaka kumi na tisa alisafisha meno ya watu, na kwa miaka hiyo yote hakuruhusiwa kugusa jino la mtu kama daktari hayumo ndani ya jengo. Ndivyo sheria ilivyotaka. Daktari wa meno alikuwa mmoja tu katika mji ule, na alifika Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine alizigawa kwa miji miwili yenye shida hiyohiyo. Basi Jumatatu, Jumatano na Alhamisi yule mama alikaa kwenye kliniki yenye kiti kizuri, taa nzuri na vyombo vilivyochemshwa tayari, akapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa, akawaambia waliobisha hodi, "Rudini siku ya daktari." Wachache walirudi. Wengine aliwaona tena baada ya miaka, shavu moja limeumuka, jicho limefumba.

Wagonjwa walimpachika jina la Mama Sukutua, kwa sababu neno hilo lilimtoka mara mia kwa siku na halikujua mipaka ya kazi. Siku moja alimwambia "sukutua" dereva wa teksi aliyekuwa anamalizia soda yake kwenye foleni ya magari. Dereva akasukutua, akatema dirishani, akamuuliza, "Na sasa?"

Habari ya sheria mpya ilimkuta jikoni anamenya viazi. Ujumbe uliingia kwenye simu: msafishaji wa meno mwenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi, akifaulu mtihani mmoja wa ziada, ataruhusiwa kufanya kazi bila daktari kuwa karibu. Kusafisha, kupaka dawa ya kuzuia kuoza, kufundisha watu kupiga mswaki, na kumpeleka kwa daktari mtu yeyote atakayeonekana ana tatizo kubwa. Kung'oa na kuziba kunabaki kwa daktari. Aliusoma mara tatu. Kisha akaendelea kumenya viazi, akamenya na vya kesho, na vya kesho kutwa, mpaka mumewe alipoingia akauliza ni nani anaoa.

Mtihani aliufanya katika ukumbi uliojaa vijana wa umri wa wanawe. Alifaulu. Siku leseni ilipofika aliibandika juu ya friji, akawa anafungua friji bila kutaka kitu.

Mumewe alikuwa seremala, na kiti cha wagonjwa alikitengeneza yeye: cha mbao na turubai, kinachokunjwa na kuingia kwenye buti la gari dogo, chenye mkono wa chuma wa kulaza mgongo. Walikijaribu sebuleni. Seremala alilala, akafumba macho, akapanua kinywa kwa fahari ya mtu aliyekalia kazi ya mikono yake. Mama Sukutua akavuta mkono wa chuma. Kiti kikajikunja chote pamoja na fundi wake, magoti yakamfika masikioni.

"Usicheke," sauti ilisema kutoka ndani ya turubai. "Fungua."

Hakuweza kufungua, maana alikuwa amekaa chini analia kwa kicheko. Mama mkwe aliingia na beseni la nguo, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe.

"Hii ndiyo leseni yenyewe?" akauliza.

Kilichobaki kigumu kilikuwa kumwambia daktari. Walifanya kazi pamoja miaka yote hiyo, naye alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Jumanne, alipokuwa ananawa, Mama Sukutua alimweleza kwamba Jumanne na Ijumaa atabaki naye kliniki, ila siku nyingine tatu atawafuata watu waliko.

Daktari alifuta vidole kimojakimoja. "Na ukikuta kitu kisichokuhusu?"

"Nitakuletea wewe, daktari."

"Na usipokiona?"

Swali hilo lilimchoma. Wiki mbili daktari alisema naye ya kazi tu: nipe kioo, nipe pamba, mwingine aingie.

Jumatano ya kwanza alikwenda nyumba ya wazee. Matroni aliyeisimamia alimwambia kwamba pale wanaishi wazee arobaini na mmoja, na hajapita mtu wa meno kwa miaka kumi na moja. Kumpeleka mzee mmoja kliniki kulitaka gari, muuguzi na siku nzima, kwa hiyo hawakupelekwa mpaka maumivu yazidi. Mama Sukutua akakikunjua kiti kwenye chumba cha televisheni, akakipiga teke kidogo kwa tahadhari, akavaa barakoa, akangoja. Wazee walimkodolea macho. Hakuna aliyesogea. Mmoja alizidisha sauti ya televisheni.

Hatimaye aliinuka mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye tai. "Naomba nione leseni," akasema.

"Shikamoo, mwalimu. Hii hapa."

"Marahaba." Aliisoma yote kwa lenzi yake, mpaka mhuri. "Neno 'kujitegemea' wameliandika kwa herufi moja pungufu. Si kosa lako." Akairudisha, akakaa.

Alikuwa na meno manane ya mbele chini, na nyuma yake ugaga ulikuwa umeshikana kama saruji. Mama Sukutua alianza pembeni polepole, akiuliza kila mara kama anaumia, na mwalimu akijibu kwa kidole, juu kwa hapana, chini kwa ndiyo. Baada ya robo saa kipande kizima kilibanduka, kikubwa kama punje ya harage, kikaruka, kikagonga bakuli la bati kwa mlio uliosikika chumba kizima.

"Sukutua," akasema Mama Sukutua.

Mwalimu alisukutua. Akapitisha ulimi nyuma ya meno, akasita, akaupitisha tena. "Kuna mianya," akasema. "Nilidhani nyuma ya meno huwa ni ukuta." Kisha akaomba apewe kile kipande. Alikiweka kwenye leso safi na kukizungusha kwa kila kiti, akimwinamia kila mzee. "Hiki kilikuwa kinaishi kwangu," aliwaambia. "Sasa fikirini vyenu."

Televisheni ilizimwa. Foleni ikajipanga, fimbo zikigongana na magurudumu ya viti, watu wakibishana nani alifika kabla ya nani kwenye chumba ambacho wote walikuwamo tangu asubuhi. Mstaafu wa reli alitoa vipande vitatu, akadai kwamba kwa jumla vinamzidi mwalimu. Mwalimu alisema havihesabiwi kwa jumla. Nyuma ya barakoa Mama Sukutua alikuwa anacheka mpaka miwani inaingia ukungu, na kila alipoifuta aliambiwa na foleni asipoteze muda.

Katikati ya foleni alisimama bibi mmoja mfupi, mwenye shali ya zambarau.

"Mimi sina jino hata moja," akasema. "Ila nimepanga foleni kama wengine."

"Haki yako, bibi. Karibu."

Mama Sukutua alimvua meno ya bandia, akayasugua mpaka yakang'aa, kisha akamwomba apanue kinywa amwangalie tu. Chini ya ulimi, upande wa kushoto, paliota kidonda cheupe chenye kingo ngumu. Mama Sukutua aliacha kucheka.

"Hiki kina muda gani, bibi?"

"Hicho? Kimenizoea. Tangu mwaka jana."

Hakumtisha. Alimwandikia matroni barua, akamwomba gari la Ijumaa kwa bibi huyu mmoja, na Ijumaa akamshika mkono mwenyewe mpaka kwenye kiti cha daktari. Daktari alitazama kwa muda mrefu, akakata kijinyama, akakipeleka maabara. Siku tisa za kungoja majibu Mama Sukutua hakumwambia mtu "sukutua", hata mama mkwe akamuuliza kama anaumwa. Majibu yalipokuja, ilikuwa saratani changa, bado ndogo sana. Bibi alipelekwa hospitali kuu, ikakatwa yote, akarudi baada ya wiki analalamikia uji wa huko.

Jumanne iliyofuata daktari alinawa mikono, akaifuta kidole kimojakimoja.

"Angekuja lini kwangu, yule bibi?" akauliza.

"Hana meno, daktari. Angekuja kufanya nini?"

Daktari alitundika taulo. Kisha akaenda kabatini, akatoa taa yake ya kuvaa kichwani. "Chukua. Nimeona ile unayotembea nayo, ni ya wachimba migodi." Alipofika mlangoni aligeuka. "Jumatano hii unakwenda wapi?"

"Shule ya viziwi."

"Watakuelewa ukisema 'sukutua'?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania. Mama Sukutua alicheka hata mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi nje akachungulia. Kwa hakika alikuwa amelifikiria hilo, na tangu Jumapili alikuwa anajifunza ishara yake mbele ya kioo.

Shuleni, watoto sabini walimkaribisha uani, kila mmoja na kikombe cha maji miguuni pake. Alinyoosha mikono na kufanya ishara kwa makini, kama alivyojifunza. Watoto walitazamana, kisha wakaanguka kwa kicheko, wakashikana mabega. Mwalimu wao, akifuta machozi, alimweleza kwamba alichowaambia ni "mwogesheni bata." Akamshika mikono, akamwelekeza vidole vinapopaswa kukaa. Mama Sukutua alirudia. Mara hii watoto sabini walivuta maji vinywani, wakavimbisha mashavu, na kwa pamoja wakatema kwenye maua ya mkuu wa shule.