Madebe Mawili Niliyoyashusha Garini

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na leo naifunua kwa hiari yangu, maana walioiona kwa macho yao mjini Lindi bado wapo, na kila wakinikuta sokoni huniuliza, kwa sauti ya upole iliyo mbaya kuliko matusi, kama siku hizi nimeshajua gari hula mafuta kiasi gani.

Ilikuwa zama za Mwingereza, nami nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya wasichana pale Lindi, nimetoka chuoni na cheti changu na imani moja kubwa: kwamba hakuna jambo duniani lisilokubali kugawanywa likatoa jibu. Nilikuwa likizoni kwetu Kilwa Kivinje, kwa Shangazi Mwanaidi aliyenilea, ambaye mwaka ule alijaaliwa safari ya Makka akifuatana na mdogo wake, Ami Shomari. Shangazi alikuwa mkunga, na kuanzia Kivinje hadi ng'ambo ya mto Mbwemkuru sidhani kama kulikuwa na kijiji ambacho hakuwahi kuitwa kwa haraka (mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwake, jambo alilonikumbusha kila nilipojifanya najua sana). Meli ya pwani ilikuwa impakie Kilwa, lakini siku moja kabla ikaja simu kwamba haitatia nanga kwetu, itaondoka Lindi kesho yake alasiri. Akiikosa hiyo ataikosa na meli ya mahujaji inayomngoja mbele, na kwa umri wake hapakuwa na aliyethubutu kutamka neno "mwakani".

Ami alikuwa na boksibodi, gari la kichwa cha chuma na kiwiliwili cha mbao, na dereva wake aliitwa Chande, Mmatumbi mwembamba asiyevua kofia hata akila. Gari hilo ndilo lililonileta likizoni kutoka Lindi, nami njia nzima nilikuwa na daftari mapajani: tulijaza tangi Lindi nikaandika namba ya mita ya maili, tukajaza tena Kivinje nikaandika galoni zilizoingia, nikagawanya, nikapata maili ishirini kwa galoni moja, nikaipigia jibu langu mistari miwili. (Sikuandika kwamba gari lilikuwa tupu, wala kwamba kila penye mteremko Chande alizima injini na kuliacha liteleze kimya, nilidhani ananipa nafasi ya kuandika kwa mwandiko mzuri.)

Alfajiri ya safari nilimkuta Chande ameshapakia nyuma madebe mawili ya petroli, nayo yamekaa sawasawa mahali ambapo mtu wa umbo langu angeweza kukaa. Hapo ndipo nilipokata shauri lile dogo. Nilifungua daftari mbele ya Ami na jamaa waliokuja kuaga, nikaeleza kwamba tangi peke yake litatufikisha Lindi na maili za ziada juu yake, kwamba harufu ya petroli itamtapisha Shangazi, na kwamba kwa kuwa shule inakaribia kufunguliwa, nafasi ile ingemfaa mtu.

"Mtu gani?" akauliza Chande.

"Mtu yeyote," nikasema, "kwa mfano mimi."

"Bibi Mwalimu, hesabu yako nzuri, ila umeifanyia gari lililokuwa linarudi nyumbani. Leo linakwenda kuaga."

Watu wakacheka. Ami, ambaye alijivunia elimu yangu kuliko nilivyojivunia mwenyewe, akamwambia ashushe. Chande akashusha debe la kwanza, akashusha la pili, akayapanga kando ya ukuta taratibu kama anayelaza watoto.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu wa Kivinje alilijua, nami nililijua pia, ila halikupata mlango wa kuingilia daftarini. Anayekwenda kuhiji hapandi gari akaondoka zake. Anasindikizwa. Dufu zilianza kulia kabla jua halijachomoza, waume mbele, wake nyuma na kasida zao, na boksibodi katikati likitambaa kwa gia ya kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea na wazee. Kuzima injini hakukuwezekana, kwani gari lile likizimika penye tambarare lilidai hendeli ya kuzungusha kwa mkono na dua ndefu. Likanguruma hadi Nangurukuru, likichoma petroli bila kwenda popote, nami nimeketi juu ya mahali pa madebe, nikiona fahari.

Baada ya Nangurukuru nilidhani tutakimbia. Lakini habari zilikuwa zimetutangulia (sijui kwa njia gani, maana simu haikufika huko). Mandawa watu wamesimama kando ya barabara, Kiranjeranje vivyo hivyo, na hata pale penye nyumba tatu tu alitokea mama na mtoto mgongoni akipunga kanga. Kila mmoja alitaka mkono wa Shangazi, amwombe radhi, kisha amtume. "Bi Mwanaidi, ukifika kwenye Nyumba, nitaje. Salima. Mtoto wangu wa pili hatembei." "Mimi Mbwana, Shangazi, niombee macho." Shangazi aliitikia kila mtu, hakuharakisha mtu. Gari likatetemeka na kunguruma, na Chande akanitazama kwenye kioo chake, akatazama barabara.

Tulikuwa tumeshaipita Mchinga, Lindi imebaki maili chache na kilima kimoja kirefu, injini ilipokohoa mara mbili ikanyamaza. Chande akashuka, akachovya ufito kwenye tangi, akautoa mkavu, akaja nao dirishani kwangu.

"Bibi Mwalimu, daftari linasema petroli iliyobaki ni ya maili ngapi?"

"Arobaini na tano," nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Alhamdulillahi. Basi litie tangini."

Jua lilikuwa limeshapinda. Shangazi alitazama kilima, akanitazama mimi, akauliza tu, "Meli inaondoka alasiri, mwanangu?" Nilishuka, nikakunja buibui langu hadi magotini, nikaegemeza mabega kwenye ubao wa nyuma nikasukuma, mimi, Ami na Chande, na gari likasogea hatua sita likasimama.

Ndipo walipoanza kutoka mashambani. Kwanza wanawake wawili wenye majembe. Mmoja alichungulia ndani, akapiga kelele kwa Kimachinga, kisha akatugeukia: "Huyu si Bi Mwanaidi? Si ndiye aliyemzalisha dada yangu wakati wa mafuriko?" Mara watu wakawa kumi, wakawa thelathini, nikaacha kuhesabu (mimi!). Walisukuma wakiimba wimbo wao wa kulimia, na mkono wa kulia kwangu alikuwa mama mwenye rozari shingoni, jasho linamtiririka, anahimiza kuliko wote. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma kwa mgongo nilimwuliza, kwa ujinga wa aibu, tuwalipe nini.

"Mumlipe nani?" akasema. "Mtu anakwenda kwa Mtume, anapita shambani kwangu, nami nipo. Wewe sukuma, mwanangu, acha maneno."

Katikati ya vumbi lile ndipo nilipomsikia Shangazi. Alikuwa ameketi wima, macho ameyafumba, anasema peke yake: Salima wa Mandawa, mtoto wa pili, miguu. Mbwana, macho. Zainabu wa nyumba tatu, mumewe aliyekwenda kukata mkonge na hajarudi. Aliwapanga kijiji kwa kijiji, mtu kwa mtu na haja yake, tangu mlangoni kwetu Kivinje, hakuruka hata mmoja, naye hajui kuandika herufi. Nilikuwa nimesafiri maili zile zile na kalamu mkononi, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni namba, nayo si ya kweli. Kisha akatoa kichwa dirishani akaanza kuwauliza majina wanaosukuma, mmoja mmoja, na kila aliyejibu akaingia katika safu ile. Mama wa rozari alisema, "Mimi Maria, Bibi," na Shangazi akajibu, "Maria, nimekupokea."

"Na wewe unayehema hapo nyuma?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Akina mimi ni wengi leo. Nani, na nikuombee nini?"

Nikataja jina langu. "Niombee akili."

"Akili unayo, mwanangu, imejaa hadi inamwagika. Nitakuombea masikio."

Watu walicheka hadi gari likataka kurudi nyuma. Tukafika kileleni, Chande akaliachia, na boksibodi likateremka lenyewe bila tone la petroli, nasi tunalikimbilia nyuma, na palipoishia mteremko watu wa kijiji cha chini walikuwa wameshajipanga kupokea. Hivyo ndivyo nilivyoingia Lindi: buibui limepanda magotini, uso wa vumbi jekundu, viatu mkononi, nikisukuma gari mbele ya soko zima, na kwenye ngazi za duka wanafunzi wangu saba wa darasa la hesabu, wakisema kwa pamoja, kwa adabu tuliyowafundisha, "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba," nikasema, nikaendelea kusukuma.

Meli ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza. Wapiga makasia wa kupeleka abiria melini waliposikia zile nyimbo waliishikilia mashua yao gatini, wakamwinua Shangazi na kumweka ndani kama yai, Ami akaruka nyuma yake. Sikupata hata nafasi ya kumwomba radhi. Nilimwona akiwa mdogo, kisha mdogo zaidi, amekaa wima vile vile, na midomo yake, naapa, ilikuwa inacheza.

Tangu siku ile nimepewa magari mengi niyapigie hesabu, ya shule, ya idara na ya jamaa. Napiga. Lakini kabla sijagusa kalamu humwuliza dereva ni nani anayesafiri, na ni wangapi wanaompenda njiani. Kisha naketi pembeni, namwacha apakie madebe anayotaka.