Majarida Yangu na Moshi wa Mama

Naukumbuka vizuri, mwanangu, mwaka niliorudi nyumbani Sigino, kule Babati, na diploma yangu pamoja na majarida arobaini na mawili. Diploma niliipata kwa jasho langu, sikubebwa na mtu. Majarida nayo niliyakusanya moja moja, mengine yamenizidi umri, wala hakuna ukurasa uliokunjwa. Babati nzima hapakuwa na mwenye kitu kama hicho.

Lakini ilikuwa miaka ya shida. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, na karatasi nayo ilikuwa mali: sokoni walifungia chumvi, wazee walisokotea tumbaku, akina mama waliibandika ukutani kuzuia upepo. Kila mgeni aliyeingia kwetu nilimtazama mikono.

Mama akaniambia, "Yapandishe darini, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu."

"Mama, moshi utayatia rangi. Haya si mahindi."

"Haya, Bwana Diploma. Mimi nimetunza mbegu tu, sikusomea."

Nikayafungia katika sanduku la mbao chini ya kitanda, kufuli kubwa, ufunguo shingoni. Mama aliniomba moja tu, lenye picha ya ng'ombe jaladani. Nikampa shingo upande. Masika yote sikulifungua sanduku, nikiogopa mtu asije akaona. Asubuhi niligusa kufuli kabla ya kumwamkia Mama. Shambani nawaza kufuli, kanisani nawaza kufuli.

Mvua zilipokatika nikalivuta sanduku. Likaja jepesi. Kitako chake kilibaki sakafuni, na ndani mlikuwa na udongo na vipande vya majalada. Mchwa walipanda kutoka kwenye sakafu yetu ya udongo. Kufuli lilikuwa zima.

Mama hakucheka. Alishuka darini na jarida la ng'ombe, limegeuka kahawia, linanuka moshi ule unaofukuza wadudu, kurasa zote zipo.

"Ulimwogopa jirani, mwanangu," akasema. "Mchwa hapigi hodi."

Leo ninayo mengi kuliko yale, safi, kwenye rafu za miguu ya chuma, mbali na ukuta, na watu hutoka Arusha kuja kuyatazama. Lile la moshi ndilo ninaloanza kuwaonyesha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ukiwa na kitu cha thamani, mwanangu, usikilinde dhidi ya watu tu. Kifungue, kitazame. Na muulize aliyetunza kabla yako, hata kama hana cheti. Mungu akujalie mali ya kutunza, mtu wa kukuambia pa kuiweka, na masikio ya kumsikia angali hai.