Mtoto Ndani ya Mkate

Mwaka 2014 nilikaa Sydney miezi mitatu. Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, nami nilikuwa nimeshastaafu ualimu wa shule ya msingi kule Tukuyu, kwa hiyo nilipanda ndege nikamfuata. Yeye ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa amepanga St Marys, si mbali na stesheni ya treni.

Nyumba ya jirani walikaa Wameksiko: kijana mmoja na mkewe, mtoto wao wa kike wa miaka miwili, na mama mzazi wa yule kijana, ambaye alikuja kulea mjukuu kama mimi. Yule bibi hakujua Kiingereza. Mimi nilikuwa na kile cha ubaoni, ambacho watu wa Sydney hawakukitambua hata kidogo. Tulisalimiana kwa kupungiana mikono juu ya uzio, asubuhi na jioni, kila mmoja na mjukuu wake begani.

Siku ya Mamajusi, tarehe sita Januari, alituita kwao kunywa chai alasiri. Nilifurahi. Mimi ni Mkatoliki, nikajua hapo angalau sitakuwa mgeni kabisa.

Mezani palikuwa na mkate mkubwa wa mviringo, wenye tundu katikati kama ngata ya kubebea ndoo, umenyunyizwa sukari na kupambwa kwa matunda makavu mekundu na ya kijani. Bibi alinipa kisu. Nikadhani ananiomba niwakatie wote, nikaanza kugawa vipande. Wote wakapiga kelele.

"Mama, kata chako tu," binti yangu akaniambia. "Kila mtu anajikatia."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mkwe wa bibi anasema ndivyo inavyokuwa."

Nikakata changu. Wakawa wananiangalia kama wanaongoja nianguke. Nilipouma mara ya pili, jino likagonga kitu kigumu. Nikakitoa taratibu kwa kitambaa cha mkono, kama anayejifuta mdomo. Kilikuwa kidoli cheupe cha plastiki, kidogo kama punje ya haragwe, kina macho na vidole.

Sasa mimi nimelelewa hivi: ukikuta unywele kwenye chakula cha watu, unauweka pembeni kimya kimya. Huwezi kumwaibisha mwenye nyumba mbele ya wageni. Nikajua kidoli kimetoka kwenye vitu vya kuchezea vya mtoto wao, kikadondokea kwenye unga. Bahati mbaya ya kawaida. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakitia kwenye mkoba wangu, nikaendelea kula na kusifia mkate.

Nao wakakata, mmoja mmoja. Kila aliyekata alichungulia kipande chake, akacheka, akampa kisu mwenzake. Mkate ukaisha. Kicheko nacho kikaisha. Wakaanza kuvunjavunja vipande vilivyobaki kwenye sahani, bibi akichambua makombo kwa vidole kama anayechambua mchele.

Binti yangu akaniinamia. "Mama, umemwona mtoto?"

"Mtoto gani? Si huyu umempakata?"

"Si huyu. Wanasema kuna mtoto kwenye mkate."

Nikamtazama kama aliyepandwa na homa. Mtoto kwenye mkate! Nikamwambia hapana, sijaona mtoto yeyote, na nilikuwa nasema kweli, maana katika akili yangu kile kilikuwa kidoli. Ndipo bibi akainua mkono, akapima kwa kidole gumba na cha shahada: kadogo hivi. Nikaelewa ni kitu gani wanatafuta, ila sikuelewa kwa nini. Na nilikuwa nimeshasema hapana mbele ya watu wazima.

Bibi alikuwa akijipiga kifua. Mkate ameuoka yeye, mtoto amemweka kwa mkono wake mwenyewe. Mara mkwe wake akageuka kumtazama bintiye, ambaye muda wote alikuwa akiokota makombo na kula. Uso ukambadilika. Akamkamata, akamfungua kinywa, akaingiza kidole. Mtoto akalia. Yule kijana akachukua simu, binti yangu naye akainuka kumwangalia mtoto, ameshakuwa muuguzi kazini.

"Ngoja!" nikasema, kwa Kiswahili. Nikafungua mkoba, nikafungua kitambaa, nikakiweka kile kidoli mezani.

Wote wakakitazama, kisha wakanitazama mimi. Miaka thelathini na nne nimewauliza watoto wa watu nani kaficha chaki, na sasa mwizi nimekuwa mimi. Nikamwomba binti yangu awaeleze habari ya unywele kwenye chakula. Akaeleza, mkwe akatafsiri, bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka, akaja kunikumbatia.

"Anasema yule ni Mtoto Yesu," binti yangu akaniambia. "Wanamficha kwenye mkate ili Herode asimwone. Anasema wewe umemficha vizuri kuliko mkate."

"Na aliyempata anafanywa nini?"

Hapo wakazungumza kirefu. Binti yangu akawa anatikisa kichwa. "Unakuwa mama yake wa ubatizo. Tarehe mbili Februari unamvika nguo mpya, mnampeleka kanisani, halafu unawalisha watu wote tamali."

"Mama wa ubatizo wa Yesu? Mimi? Si alibatizwa na Yohane?"

"Mama, usiniulize mimi."

Wiki nne zile sikukaa bure. Nilimshonea yule mtoto kanzu nyeupe, ndogo kuliko ukucha wangu wa gumba, kwa sindano nyembamba na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mkesha wa sikukuu bibi aliniita jikoni kwake tupike tamali. Ni unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta, unatiwa nyama katikati, unafungwa kwa maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Kwetu tulifunga mkate wa mahindi mabichi kwa majani ya mgomba, kwa hiyo mikono yangu ilielewa upesi kuliko kichwa. Tulifunga sufuria mbili bila kusemezana neno.

Asubuhi nikaja na ile kanzu ndani ya kasha la kiberiti. Bibi akaitazama, akanitazama, akaingia chumbani. Akatoka amebeba mtoto mwingine, wa udongo, mkubwa kama kichanga halisi, aliyekuwa kwenye pango lao la Krismasi. Kumbe wa kuvikwa ni huyu! Na misa ilikuwa imebakiza nusu saa. Nilikimbia kwetu, nikarudi na kitenge changu cha njano chenye picha za feni, nikamfunga kama tunavyowafunga wetu.

Kanisani familia nyingine za Kimeksiko zilikuwa na watoto wao, wamevaa dhahabu na hariri, wameketi kwenye viti vidogo. Padri alipita akiwanyunyizia maji. Alipofika kwa wetu alisimama, akauliza kitu. Nilisikia neno moja tu, la kuuliza wapi, nikajibu, "Tanzania." Akatabasamu, akatunyunyizia sote. Hadi leo sijui aliniuliza nini.

Mwezi Machi, siku ya kuondoka, bibi alikuja hadi kwenye gari, akanishika mikono yote miwili akarudia neno moja: komadre, komadre. Njiani kwenda uwanja wa ndege nikamuuliza binti yangu maana yake.

"Ni wanawake wawili waliounganishwa na mtoto," akasema. "Mama mzazi na mama wa ubatizo."

Nikafikiri mpaka tukapita kitongoji cha Lidcombe.

"Sasa hapo mama mzazi wa Yesu ni yeye?"

Binti yangu aliwasha redio.