Kumtembelea Daphine Melini

Watu wa hapa Wanale wakitaka kujua meli kubwa ya starehe ikoje, nawaomba waniulize mimi, wasimuulize Romano. Mume wangu akianza kueleza ataanza na milango. Atawaambia mlango wa chumba chetu ulifunguliwa kwa kadi, bawaba zake zilikuwa za aina gani, na atamaliza chai bado yuko mlangoni. Alikuwa askari wa magereza maisha yake yote ya kazi, sana sana Jinja, na hata akifika peponi ataangalia komeo kabla hajamsalimia mtu. Kwa hiyo nitasimulia mimi, Nambozo, na yeye akae pale atulie.

Mjue kwanza tulikwenda kufanya nini. Majirani wanasema tulikwenda kutalii. Nani alikwenda kutalii? Mimi nilikwenda kumchukua mtoto wangu nimrudishe nyumbani.

Daphine ni kitinda mimba wetu. Alisomea kazi za hoteli Jinja, akaajiriwa melini kwenye ukumbi wa chakula, mkataba wa miezi tisa. Ulipokwisha akasaini mwingine, na baada ya huo mwingine tena. Kila nikimwambia kwenye simu arudi, ananijibu, "Mama, tutaongea," na intaneti ya meli inakatika. Inakatika hapo hapo, siku zote. Sasa mkataba ulikuwa unakwisha tena, na Herbert, mwenye hoteli ndogo pale Jinja karibu na mto, alikuwa ameniambia kazi ya kusimamia wageni ipo, ila hawezi kumngoja Daphine mpaka kiama. Basi Daphine aliposema kampuni inawaruhusu wazazi wa wafanyakazi kupanda meli kwa bei nafuu, nikasema moyoni, sasa nimekupata. Tutakaa chini uso kwa uso, tuone hiyo intaneti itakatikia wapi.

Kabla ya safari nikaenda Jinja kwa Dhanlaxmi, mwenye duka la vitambaa, ambaye sisi tunamwita Mama Ajay. Gomesi zangu zote, yale magauni yetu marefu yenye mabega yaliyochongoka, zimetoka kwake, tangu siku zile tunaishi kambini na askari wenzetu. Watoto wake waliwahi kumpandisha meli ya namna hiyo, na hajaacha kuieleza.

"Wewe sikia mimi, Mama Daphine," akaniambia huku anakata kitambaa cha mtu mwingine. "Sweta beba. Ndani baridi sana, nje jua kali, utaugua. Viatu vya raha beba, hiyo meli ni mji, kutembea ni mingi. Chakula iko kila saa, lakini siku ya kwanza usijaze sahani. Kila mtu siku ya kwanza anajaza sahani, siku ya pili anatafuta dawa."

"Na mawimbi, Mama Ajay? Tutatapika?"

"Mawimbi hutasikia. Utasikia muziki tu. Mimi nilienda juu, muziki. Nilienda chini, muziki. Nilienda chooni, iko muziki." Akashusha sauti. "Na achari yangu walichukua mlangoni. Chakula ya nyumbani hawataki kabisa. Wewe usibebe."

Hapo ndipo masikio yangu yalipoziba. Daphine alipokuwa shule ya bweni hatukukosa hata mara moja siku ya wazazi kutembelea watoto. Tulikwenda na kuku, chapati, karanga, tukatandika mkeka kwenye nyasi, tukamwangalia anakula mpaka ajilambe vidole. Mzazi haendi kumwona mtoto mikono mitupu, mkono mtupu haulambwi. Nikafunga malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayoyakausha kwa moshi huku kwetu mlimani, nikafunga na karanga za kusaga, vyote nikavizungushia gomesi ya kijani nikatia katikati ya sanduku.

Bandarini Dubai, tulikopandia meli, mashine yao ikaona. Kijana wa ukaguzi akafungua, akanusa, akamwita mwenzake anuse, naye akamwita mkubwa wao. Moshi wa Wanale si wa mchezo. Romano amesimama wima pembeni, anawasifu jinsi wanavyofanya kazi kwa mpangilio.

"Afande," nikamwambia, "wewe uko upande wa nani?"

"Marufuku ni marufuku, Mama Daphine," akasema. Malewa yangu yakabaki Dubai, na mpaka leo sijui aliyeyala ni nani.

Meli yenyewe sikuiona. Mnielewe vizuri: ni kubwa kiasi kwamba ukiisogelea unaona ukuta mweupe tu, na madirisha juu ya madirisha. Ndani kuna maduka, kuna sinema, kuna kanisa la kufungia ndoa, na juu kabisa kuna mabwawa ya kuogelea, watu wazima wanaingia kwenye maji huku bahari yote iko hapo chini inawatazama. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Pesa ya mkononi haina kazi mle. Unapewa kadi moja, hiyo hiyo inafungua chumba, inanunua soda, inakutambulisha. Ukiipoteza wewe si mtu.

Chumba chetu kilikuwa cha ndani, hakina dirisha. Romano akasimama katikati akageuka pande zote.

"Hii ni seli," akasema.

"Ina televisheni na shuka nyeupe."

Akaenda mlangoni, akaufungua kutoka ndani, akaufunga, akaufungua tena. "Unafunguka kutoka ndani," akasema. "Basi si seli." Akavua viatu akalala.

Jambo la kwanza wanalokuagiza kabla meli haijaondoka ni kujua utakimbilia wapi ikitokea hatari. Unatazama maelezo kwenye televisheni, kisha unakwenda mahali pako kuonyesha kadi. Wageni wengine walikwenda na vinywaji mkononi, wanacheka. Romano alifika wa kwanza, suruali imepigwa pasi, na alipoambiwa kwamba ni hayo tu, anaweza kwenda, aliudhika. Alitaka gwaride. Nilipomkuta alikuwa amemshika mzee mmoja wa Kijerumani, anamfundisha kwa ishara namna ya kufunga koti la kuokolea maisha, na yule mzee ametii.

Kupotea tulipotea. Korido ni ndefu na zote zinafanana, unaweza kutembea mpaka ukasahau ulikuwa unatafuta nini. Daphine ndiye aliyetuonyesha siri: kwenye zulia kuna samaki wamechorwa, na vichwa vyao vyote vinaelekea mbele ya meli. Kuanzia hapo Romano alikuwa akitembea ameinamisha kichwa anafuata samaki, na kugongana na watu.

Sasa nifike kwa Daphine mwenyewe. Nilimwona mara ya kwanza ukumbini, amevaa fulana nyeusi na jina lake kifuani, sinia kwenye kiganja, anatabasamu. Akatukumbatia haraka, mmoja mmoja. Alikuwa amekonda. Msiniambie ni umbo, mimi nilimzaa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Kaa hapa tule," nikamwambia, nikavuta kiti.

"Mama, siruhusiwi kukaa na wageni."

"Mgeni nani? Mimi?"

"Wewe ni mgeni, Mama. Kaa nikuhudumie."

Nikakaa, lakini chakula hakikupita. Kulikuwa na kila kitu mle, nyama za kukatwa mbele yako, samaki wa rangi, keki za kupanda ngazi, wali wa nchi zote, isipokuwa posho, ugali wetu wa mahindi, na Romano aliiulizia. Mimi nilikuwa natazama mtoto anavyokwenda na kurudi. Meza hii, meza ile, huyu kamwaga, yule anataka barafu, mwingine anamwita kwa kidole. Nikainuka nikaanza kukusanya sahani. Nikapanga za chini kubwa, za juu ndogo, nikafuta meza kwa leso yangu, nikahamia meza ya jirani. Wageni wakanipa sahani zao, wengine wakanishukuru.

Msimamizi wake akaja mbio, mwanamke mrefu ambaye hata akikasirika anatabasamu. Akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna kitu hakikuniridhisha. Daphine akanishika kiwiko akanirudisha kwenye kiti.

"Mama, ukinisaidia unaniharibia," akaninong'oneza. "Nimeomba mkataba mwingine, na nafasi ya kuwa juu kidogo. Wiki hii ndiyo wananipima. Tafadhali."

Kumbe alikuwa ameshaomba. Kwenye simu "tutaongea", na kumbe ameshaomba. Niliumia, na sikuficha, nilimwambia Romano usiku wote maneno ambayo alipaswa kuambiwa Daphine. Romano ni Mwacholi na mimi ni Mugisu, kila mmoja na lugha yake, ndoa yetu imejengwa kwa Kiswahili cha kambini, na ndicho kinachonitosha nikikasirika. Yeye akasema tu, "Ongea naye."

Kuongea lini? Siku zikapita. Meli ikasimama mji huu na ule, watu wanashuka kupiga picha, wanarudi na kofia. Ile jioni ya kuvaa vizuri nilivaa gomesi ya kijani, ambayo bado ilikuwa inanukia malewa, na wanawake wa kigeni wakapanga foleni kupiga picha na mabega yangu. Kitandani kila siku nakuta taulo imekunjwa tembo au nyani, na kila siku naikunjua nikaogee. Yote hayo mazuri, sikatai. Lakini Daphine alikuwa anaamka kabla yetu na kulala baada yetu, huko chini kusikofika mgeni, na kila nikimwona ana sinia. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililitaka, wakaninyima.

Siku moja kabla ya safari kwisha, yule msimamizi mrefu akamruhusu aje chumbani kwetu mchana, kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Saa kumi na moja awe kwenye kituo chake. Daphine alinieleza hayo akiwa bado mlangoni, akaongeza kwamba nafasi wataitoa jioni ile ile, na aliyechelewa asahau nafasi, asahau na mkataba.

Nilikuwa nimejipanga. Nilimwekea matunda na mkate wa nyama kutoka juu. Nilikuwa na maneno ya Herbert, mshahara, chumba, Jumapili za kupumzika, yote kichwani kwa mpangilio. Romano akachukua kiti akakaa karibu na mlango. Daphine akakaa kitandani, akachukua kipande cha nanasi.

"Haya, Mama," akasema. "Leo hakuna intaneti. Niambie."

"Kula kwanza," nikamwambia, nikageuka kumtilia maji. Niligeuka na glasi mkononi, nikamkuta ameinamia upande, nanasi liko kwenye vidole, amelala. Na viatu vyake miguuni.

Nikalitoa lile nanasi. Nikavua viatu, na miguu ilikuwa imevimba, alama za soksi zimezama kwenye ngozi. Nikamfunika blanketi. Chumba kile hakina dirisha, ukizima taa ni giza, kwa hiyo nikaacha taa ndogo, nikakaa kando yake nikimtazama. Nilikuwa sijamtazama amelala tangu akiwa mwanafunzi. Analala mdomo wazi, vile vile.

Hapo ndipo shetani alipokuja, na hakuja na pembe, alikuja na hesabu nzuri tu. Sina haja ya kubishana na mtu, akanieleza. Sina haja ya kumtaja Herbert. Nisifanye chochote. Nikae hivi hivi, mtoto alale anavyohitaji, saa kumi na moja ipite. Mkataba hatapata, na kesho tutashuka wote watatu na masanduku yetu. Na hata lawama haipo, alilala mwenyewe.

Nikamtazama Romano. Mtu huyu hajawahi kuchelewesha mlango hata dakika moja katika kazi yake. Alikuwa anaitazama saa yake, kisha ananitazama mimi, kisha saa. Saa kumi na nusu ikapita, tukakaa. Kumi na moja kasoro robo ikakaribia, tukakaa. Daphine anakoroma kidogo.

Nikafikiri jinsi alivyotembea kati ya zile meza. Alikuwa anajua kila kitu kilipo. Anawaambia wenzake neno moja wanamfuata, hata wavulana wakubwa. Nilikuwa nimeyaona hayo wiki nzima na kujifanya nimeona sahani tu.

"Daphine," nikasema. Nikamshika bega. "Daphine, amka."

Tabasamu ndilo lililoamka kwanza. Macho bado yamefumba, tabasamu limeshajaa uso mzima, lile la ukumbini, na sauti yake ikasema kwa Kiingereza cha kazi, "Karibu, madamu, meza ya watu wangapi?"

Kisha akafumbua macho, akaniona, tabasamu likaondoka, akabaki mtoto wangu na uso wa kuchoka. "Mama, nimelala. Mbona hukuniamsha? Ulikuwa na neno."

"Lilikuwa dogo. Vaa viatu, utachelewa."

Akanawa uso, akabana nywele, akavaa viatu kwa kuvivuta. Akala mkate wote amesimama, kwa mikono miwili. Romano akafungua mlango akaushikilia, akasimama wima kabisa, na Daphine akapita mbele yake akasema, "Asante, afande," kama alivyokuwa akimtania akiwa mdogo. Tukasikia viatu vyake vinakimbia kwenye korido, yeye hata samaki wa zulia hawatazami.

Romano akafunga mlango. Nilikuwa bado nimekaa pale kitandani, mkono wangu uko mahali alipokuwa amelala, pana joto.

"Ungemwacha," akasema, "kesho tungeshuka naye."

"Najua," nikamwambia.

Nikalia. Akaja akakaa karibu yangu, na hakuniambia ninyamaze.