Michembe Iliyorudi Nyahanga

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikifunga gunia la michembe huku mume wangu Masanja akinitazama kana kwamba nafunga nguo chafu. Michembe unaijua, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Hukaa mwaka mzima, na ukiichemsha na karanga unashiba mpaka kesho. Tulikuwa tunatoka Nyahanga kwenda kwenye rashi, machimbo mapya ya dhahabu upande wa Katoro. Nilikuwa binti tu, nimeolewa juzi.

Unanisikia? Maana wewe akili yako imeshapanda ndege.

Rashi ilikuwa nchi ghali. Kila kitu kililetwa kwa baiskeli, na aliyekileta alijua kwamba mwenye njaa habishani na bei. Aliyepata kazi kwenye duara, yaani shimo la kuchimba, alilishwa na mwenye duara. Mgeni alijilisha mwenyewe. Sikuogopa, kwa kuwa gunia tulikuwa nalo.

Lakini Masanja aliona haya kula michembe. Wenzake wangemwita mshamba, naye alikuja kutafuta utajiri. Akawa anakula nao wali na nyama hotelini, siku baada ya siku, mpaka nauli yetu ya kurudi ikaliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone; wenyeji wa rashi walipona kwelikweli.

Sasa sikiliza kilichonivunja. Kwetu Usukumani, zamani zile, mwanamume hakula na mkewe, alikula na wanaume wenzake. Kwa hiyo fedha zilipokwisha, kila jioni nilipomuuliza, Masanja alinijibu kwamba ameshakula na wenzake. Wenzake walipomkaribisha, aliwaambia kwamba ametoka kula kwangu. Nilimwamini. Nilikula michembe yangu nyuma ya turubai, nikiuonea wivu wali wake. Nilimwona anakonda, nikadhani ni kazi za vibarua.

Hatimaye akapata kazi kwenye duara. Siku yake ya kwanza aliteremka asubuhi, kabla chakula cha mwenye duara hakijaiva. Wakati wa kupanda, mikono ilishindwa kamba kwa njaa, akaanguka. Walimtoa ameshakufa.

Mama Kulwa, mama lishe mtu mzima, ndiye aliyenisaidia kumfunika. Akaliona gunia, bado zaidi ya nusu. Akaniuliza mume wangu alikuwa anakula wapi, nikamwambia kwa wanaume. Akawauliza wanaume, wakasema kwa mkewe.

"Binti yangu," akasema, "chakula kilikuwepo. Ila hakuna aliyemwona akila, wala aliyemuuliza mara ya pili."

Neno lile linaniuma mpaka leo, kwa kuwa ni kweli. Wachimbaji walichanga gari la kumrudisha Nyahanga, na gunia likapanda naye. Michembe ile ndiyo waliyokula watu waliokuja matangani.

Basi, mwanangu, unakwenda nchi ambayo sahani moja ya hotelini itatafuna akiba yako. Beba unga, karanga na michembe, wakikuruhusu kupita navyo. Ukifika, ulizia soko wanakonunua wafagia barabara, siyo wanakopiga picha wageni. Pika sufuria moja, ule leo na kesho. Nyama kula siku mojamoja kwa sababu unaitamani, usiinunue ili uonekane. Na ukiishiwa, sema mapema. Mficha uchi hazai. Tafuta japo mtu mmoja wa kula naye, ajue siku usiyokula.

Nami nikikupigia simu kukuuliza umekula nini, usinijibu kwamba umeshiba. Nitajie chakula chenyewe. Halafu nitakuuliza tena, na usikasirike.

Nenda salama. Mungu akupe riziki isiyokauka na mwenzio wa kunawa naye mikono, akurudishe hapa nyumbani na hayo mashavu yako.